Cha Bure Hakina Garanti

Ilias wa Buyenzi hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango. Ilias alifunguliwa, akakaribishwa, akapewa kiti, na wakati wa kuondoka akashukuriwa. Kazi yake ilikuwa kuwauzia watu wa Bujumbura vitu ambavyo dunia nzima inavigawa bure, na aliifanya kwa unyenyekevu wa mtu anayechangisha ujenzi wa msikiti.

Vitu vyenyewe vilikaa ndani ya kle, kile kijiti cha kuchomeka kwenye kompyuta, ambacho alikivaa shingoni kama hirizi. Humo mlikuwa na programu ya kufagia takataka za kompyuta, na ya kusaka virusi, na ya kufufua mafaili yaliyofutwa. Zote alizipakua kwenye intaneti, na waliozitengeneza waliandika waziwazi juu ya kila moja: Free. Lakini wateja wa Ilias walisoma shule kwa Kifaransa. Walipouliza huyo "Fré" ni nani, aliinamisha kichwa na kusema ni fundi mmoja wa Japani, mzee sana, anayeishi kwa ada za lisansi zake tu. Wengine walimwonea huruma mzee Fré wakaongeza kidogo.

Programu moja tu Ilias aliiogopa. Ilikuwa ile ya kuwashia kompyuta iliyogoma kabisa, na kabla ya kufanya lolote huandika jina lake katikati ya ekra, kile kioo cha kompyuta: ubuntu. Walioipa jina hilo walikuwa na nia njema, ila hawakumfikiria Ilias. Kwa Kirundi, hata mtoto anayenyonya anajua kwamba kitu cha ubuntu ni kitu cha bure. Kwa hiyo kila ilipobidi kuitumia, Ilias aliwatoa wateja nje kwanza, akieleza kuwa virusi vikifukuzwa hutoa mionzi inayokausha figo. Watu wa Bujumbura wanazipenda figo zao, na walitoka.

Siku hiyo alikuwa amekaa kwenye duka moja la fotokopi mjini, anavizia mteja, lakini moyo wake ulikuwa kwenye sukari. Sukari ilikuwa imepotea madukani kama deni la rafiki. Na Mama Khadidja, mzazi wa Sikuzani, msichana aliyemchumbia, alikuwa ametoa hukumu yake.

"Mi sitaki maneno mingi," alimwambia. "Chai ya harusi ya mutoto wangu haitakunywewa chungu. Leta mifuko mbili ya sukari mbele ya Ijumaa. Ukikosa, kuna Radjabu wa garaji, naye anauliza habari ya Sikuzani kila siku."

Ilias alimpenda Sikuzani kweli, na katika hilo hakukuwa na ujanja wowote. Msichana huyo alikuwa mtu pekee aliyemcheka usoni alipomsimulia habari za mzee Fré, na tangu hapo kijana hakulala vizuri. Kumkosa kwa ajili ya sukari ilikuwa aibu, na kumkosa kwa ajili ya Radjabu, ambaye hata kucha zake zilinuka oili, ilikuwa zaidi ya aibu.

Ndipo akaingia Madamu Epiphanie, anahema, mkoba kwapani. Alikuwa na depo ya vyakula kule Zone Industrielle, mtaa wa viwanda, na mji mzima ulimjua kwa neno moja: "Imekwisha." Ukimuuliza sukari, imekwisha. Ukirudi wakati bei imepanda, labda.

"Munipigie fakitire kwa mashini yenu," alimwambia mwenye duka, akimaanisha ankara za mauzo. "Yangu imegoma. Unaiwasha leo, inafunguka kesho. Na malori yananingojea."

Ilias akasimama taratibu, kwa heshima, kama anayeingia msibani.

"Mama, iko inatoa moto kwa chini?"

"Inatoa."

"Na inapumua kama mutu wa asma?"

"We, umeiona wapi?"

"Sijaiona, Mama. Lakini za namna hiyo nimezika mingi."

Madamu Epiphanie akasahau fakitire. Muda si mrefu walikuwa deponi, Ilias kaketi kwenye kiti cha bosi, kle imechomekwa, na ekra imejaa rangi nyekundu. Programu ya kufagia ilikuwa imeokota makombo ya kawaida ambayo kila kompyuta huyaacha. Ilias akayatazama kwa huzuni ya daktari.

"Ziko kila mahali, Mama. Zimefika mpaka kwa mifupa."

"Na dawa yake utaniuzia nini?"

"Mi sitaki hela. Mifuko mbili ya sukari, basi."

"Sukari imekwisha." Ilimtoka yenyewe, kama mtu anayejibu salamu. "Halafu, mutoto wa dada yangu iko Gihosha anasema vitu hizi ni bure kwa intaneti."

"Za bure ziko, apana kukatala," Ilias alisema kwa upole. "Lakini kitu cha bure hakina garanti, Mama. Kikiharibika, utamulilia nani?"

Madamu Epiphanie akalirudia neno lile polepole, kitu cha bure hakina garanti, kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani na kutaka kujua umetiwa nini. Alionekana kulipenda sana.

"Basi tengeneza," akasema. "Mashini ikipona, tutasikilizana."

Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa, na ndilo lililomkuta Ilias. Ili ugonjwa uonekane mkubwa na dawa ionekane ghali, aliamuru programu ifagie kila kitu, hata vile ambavyo mtu mwenye akili timamu huviacha mahali pake. Kompyuta ikatii. Ikazimika, ikajaribu kuwaka, ikabaki na ekra nyeusi tii.

"Imekufa?" aliuliza Madamu Epiphanie.

"Imepumuzika," alisema Ilias, na jasho lilikuwa la kweli. Mle ndani mlikuwa na fakitire za depo nzima, na nje walisimama wapakiaji wenye mikono kama mapipa. Dawa iliyobaki ilikuwa moja tu.

"Mama, sasa utoke nje kidogo. Hapa kutakuwa mionzi mubaya. Inakausha figo."

"Niache mutu peke yake mu depo yangu?" Madamu Epiphanie alivuta kiti akakaa. "Figo ziko mbili. Moja ikienda, nitabaki na ingine."

Ilias akaiwasha kwa ile programu, akasimama mbele ya ekra, akatanua koti kama kuku anayefunika vifaranga. Madamu Epiphanie akainamisha shingo tu. Na pale katikati, kwa herufi safi, kompyuta ikasema.

"U-bu-ntu," alisoma.

"Ni Kijapani, Mama. Ni mujomba wa mzee Fré."

"Kijana, mi nimezaliwa Kayanza. Kirundi utanifunza we?" Akapaza sauti. "Léonce! Kuja usome hapa!"

Léonce, mtunza ghala wake, alikuja, akasoma, akavua kofia kama yuko kanisani. "Ni ubuntu, Madamu. Ni bure."

"Umesikia? Shahidi ni huyu. Mashini yenyewe imetaja bei yake."

Ilias akarudi kwenye kiti. Alifanya kazi kwa uaminifu ambao hakuwahi kuufanyia mteja mwingine yeyote, mpaka kompyuta ikafufuka na fakitire zote zikarudi. Madamu Epiphanie alimwombea baraka za Mungu kwa sauti kubwa, na hakuongeza kitu juu ya baraka.

Kijana akainama kuchukua kle yake, roho imemnyong'onyea, anamwona Radjabu kabisa amevaa kanzu ya harusi. Ndipo alipoona sakafuni mstari wa sisimizi. Walitoka chini ya mlango wa bluu, ule wa ghala la ndani, na kila mmoja alibeba punje nyeupe.

"Mama," alisema, na sauti yake ya asali ikarudi, "sisimizi hizi zinatoka wapi?"

Madamu Epiphanie akaufunika mstari kwa kiatu.

"Mi kinywa changu ni kizito. Lakini watu wa kontroli ya bei wakipita hapa, sisimizi hazijui kudanganya."

Madamu Epiphanie aliwatazama sisimizi, akamtazama Ilias, halafu akatabasamu kwa meno yote. Mtu mwingine angeshtuka kuona mkono mgumu unafunguka upesi namna ile. Ilias aliona ni heshima tu, iliyochelewa.

"Léonce, mupe mifuko mbili. Zile za huku mbele."

Léonce akaupita mlango wa bluu bila kuutazama, akatokea upande wa barabarani na mifuko miwili iliyoshonwa vizuri, imeandikwa SUKARI ubavuni.

"Usifungue hapa, wala njiani," Madamu Epiphanie alimnong'oneza. "Watu wataona, watakunyanganya."

Ilias alimshukuru kwa ushauri huo mwema. Ndani ya bajaji alikaa juu ya mifuko yake mpaka Buyenzi, akiimba.

Kwa Mama Khadidja walimpokea kama hujaji. Majirani walijaa uani, chai ikachemshwa, na Sikuzani akasimama mlangoni akimtazama kwa macho ambayo Ilias alikuwa tayari kudanganya nchi nzima ili ayapate. Mama Khadidja mwenyewe alikata uzi wa mfuko, akachota kijiko kikubwa cha furaha, akakoroga, akanywa.

Kisha akampa Ilias ile gilasi.

Ilias akanywa. Ilikuwa chumvi. Akaukimbilia mfuko wa pili, akaufungua kwa meno, akaramba. Chumvi vilevile, na kwa haki, ilikuwa chumvi nzuri.

Alipiga simu kwa haraka, na kwa haraka hiyo akabonyeza kipaza sauti, kwa hiyo ua mzima ulisikia.

"Mama Epiphanie! Umenipa chumvi!"

"Ndiyo. Mifuko ya sukari ikibaki tupu tunatia chumvi. Nani alikuambia ni sukari? We ulisoma kwa mufuko, mi nilisoma kwa ekra."

"Lakini tulisikilizana!"

"Ulinilipa nini? Nilikupa ubuntu. Na kitu cha bure, mutoto wangu, hakina garanti." Sauti yake ilikuwa tamu kuliko kitu chochote kilichokuwepo uani pale. "Siku ingine uulize sisimizi mbele ya kubeba."

Simu ikakatika. Sikuzani alicheka. Kilikuwa kicheko kilekile cha siku ya mzee Fré, na safari hii kilimuuma Ilias hadi akashindwa kuinua uso.

Mama Khadidja akaufunga mfuko kwa utulivu, akapangusa mikono kwenye kitenge.

"Ya pilau tumepata, Ilias, Mungu akulipe. Itafika mpaka harusi ya wajukuu," akasema. "Tulichokosa sasa ni bwana harusi. Sikuzani, niletee simu, kuna mutu wa garaji nataka kumuuliza kama anakunywaka chai bila sukari."