Jinsi Fundi Anastase wa Kasenga Alivyochanjwa Homa ya Manjano

Sogeeni, enyi mliozaliwa kati ya ziwa na milima! Zimeni redio, nyamazisheni kuku, mpate kusikia habari za vita ambavyo mashahidi wake wangali hai, na wengine wao wangali wanacheka.

Alikuwako Kasenga fundi wa nguo, Anastase mwana wa Niyonzima, mwenye mabega mapana kama mlango wa kanisa, ambaye cherehani yake ikinguruma wapita njia hutazama juu wakidhani ni mvua. Bintiye Candide, ambaye hakumtia machoni kwa miaka sita, alikuwa huko Burkina Faso akijiandaa kuweka nadhiri za usista. Masista wakampelekea baba tiketi ya ndege, na pamoja nayo barua ndefu ya maonyo: nchi unayoijia ina mbu wengi, lala ndani ya chandarua, chemsha maji, usile mboga zisizooshwa.

Anastase akasoma, akaduwaa. “Mama Candide,” akamwambia mkewe Providence, “hawa masista walifika hapa kwetu Kasenga lini? Mbona wameandika habari zetu zote?”

Lakini mstari wa mwisho ukamkata kicheko. Asiye na kadi ya manjano hataingia; na chanjo ichomwe siku kumi kabla ya safari.

Hapo simba akawa paka aliyenyeshewa. Kwa maana shujaa huyu, aliyewahi kumfukuza kiboko ufukweni kwa kifuniko cha sufuria, aliiogopa sindano kuliko hukumu ya mwisho.

“Weye iko fundi,” Providence akasema. “Kila siku unashika sindano!”

“Ee mke wa ujana wangu! Sindano ya nguo inautii mkono wangu. Hiyo nyingine, minye ndiye kitambaa!”

Mara ya kwanza akafika mlangoni pa kituo cha afya, akakumbuka ghafla suruali ya mteja iliyokosa zipu. Mara ya pili akafika hata kwenye benchi. Mtoto akalia ndani, naye akarudi nyuma kwa kasi ambayo kiatu chake kimoja hakikuiweza. Zikabaki siku kumi na moja kabla ya safari.

Providence hakuhubiri tena. Alimpa simu tu.

“Papa,” ikasema sauti ya Candide, “na minye naogopa. Kuahidi maisha yote mbele ya watu si mchezo. Siku ile nikigeuka, nataka nione sura yako.”

Fundi akamrudishia mkewe simu. Kisha akavaa koti la Jumapili, akashuka barabarani kama jeshi zima.

Kituoni alisimama muuguzi Déborah, mfupi wa kimo, mkuu wa sauti. “Chupa moja ni ya watu kumi,” akatangaza. “Nikiifungua, masaa sita tu inaharibika. Tuko na tisa. Bado muntu moya!”

Nyuso tisa zikamgeukia Anastase. “Papa, ingia,” akasema Agnès, mchuuzi wa vitenge aendaye Zambia. “Minye iko na boti ya kukamata.”

Shujaa akavua koti, akakunja mkono wa shati, akafumba macho, akanena: “Enyi tisa! Nikianguka, mwambieni binti yangu kwamba nilianguka nikiwa nimeielekea sindano, wala sikuipa kisogo. Shati la mwalimu Bruno limebakiza vifungo viwili. Ziwa, nakuaga! Milima ya Lemera—”

“Papa,” Déborah akasema, “nimemaliza zamani.”

Anastase akafumbua macho, akaona juu ya mkono wake tone la damu dogo kuliko jicho la ndagala, kile kisamaki cha ziwani. Ndipo akaanguka, kwa heshima na taratibu, juu ya mapaja ya Agnès.

Wakampepea, wakamnywesha maji. Akatoka akiishika juu kadi yenye muhuri, na waendesha pikipiki wakampigia honi, ingawa huenda alikuwa amewazibia njia.

Katika uwanja wa ndege wa Ouagadougou askari aliitazama kadi ile kwa muda wa kupiga chafya, akamrudishia. Na Candide alipogeuka kanisani, baba alikuwako, benchi la tatu, akilia bila haya.

Basi andikeni, enyi watunza tarehe! Mwaka huo wakubwa wa dunia walifanya mikutano yao wakatia sahihi zao. Lakini katika mkono wa kushoto wa fundi mmoja wa Kasenga, homa ya manjano ilishindwa kabla haijatangaza vita.