Posa kwa Njia ya Simu

Jumatatu, 8 Septemba 2003

Nimeamua. Nitamposa Thuwaiba kwa simu. Ni wazo zuri kuliko yote niliyowahi kupata, na mimi nimepata mengi.

Mzee Suud, baba yake, ana duka la vitambaa, na nyumba nyuma yake, ng'ambo ya barabara, linatazamana na kibanda changu cha spea za baiskeli. Ameshasema hasikilizi posa ya kijana asiye na mzee wa ukoo wa kumsemea. Mzee niliyebakiwa naye ni baba mkubwa Amissi, naye yuko Rumonge. Barabara ya Rumonge imefungwa tena, magari yanaviziwa na waasi. Yaseen, anayemtaka Thuwaiba pia, ana wajomba watatu hapa hapa Buyenzi, wote na kanzu mpya. Mijitu mingine ina bahati!

Lakini Chabani, fundi wa redio, amenunua simu ya mkononi. Nimemwahidi kiti cha mbele arusini. Ameniazima.

Jumatano, 10 Septemba

Majaribio. Thuwaiba ameizungusha simu nyumba nzima kwa siri. Inashika mtandao jikoni tu, karibu na dirisha. Basi, tutaposa jikoni.

Ameniuliza kwa nini nisimwendee babake mwenyewe, nikamwombe, aniulize anachotaka. Nimemwambia hajui mambo ya teknolojia. Kusema kweli namwogopa yule mzee.

Ijumaa, 12 Septemba

Posa, baada ya sala. Mzee Suud akaketi kwenye kigoda kati ya masufuria, kanzu nyeupe pe, simu sikioni. Mimi nyuma ya mlango.

Baba mkubwa ni mtu wa adabu. Akasalimia. Akamuulizia mama wa nyumba, watoto mmoja mmoja, wajukuu, biashara, risasi za milimani. Akamuulizia marehemu baba yake Suud, akaambiwa ni marehemu, akaomba tumsomee Fatiha. Ikasomwa yote, pole pole. Mzee Suud akafuta machozi. Mambo mazuri! Kisha baba mkubwa akakohoa, akaanza kusema kwamba kilichomleta mbele yake ni...

Simu ikakatika. Unite za simu yetu, yaani salio, zimekwisha.

Mara simu ikalia mara moja, ikanyamaza. Baba mkubwa anabipu, yaani tumpigie sisi. Hapa Bujumbura unambipu rafiki, unambipu mchumba. Mzee mwenzako, tena katikati ya posa, humbipu! Suud akanirudishia simu kwa vidole viwili. Akasema mi niko mutu muzima, mutu anikatie maneno halafu anibipu kama mutoto wa shule?

Kufika alasiri Yaseen alikuwa ameshasikia. Alinipungia mkono akicheka.

Jumamosi, 13 Septemba

Rumonge hawapatikani tangu jana. Sikukata tamaa. Chabani anaigiza sauti za wazee vizuri sana, na kikohozi juu. Nimemweka kwenye kabini ya simu pale kona, nikamkanya asisalimie sana. Thuwaiba alimbembeleza babake mpaka akakubali mara ya mwisho.

Mimi tena nyuma ya mlango wa jikoni. Ikaenda sawasawa. Salamu fupi, samahani ya jana, posa yenyewe. Suud alianza kutabasamu. Hapo ikabishwa hodi.

Baba mkubwa Amissi! Vumbi mpaka kwenye nyusi, nguo zinanuka mawese. Kumbe alidhani Suud ndiye aliyemkatia simu, na ukoo wetu haujawahi kukatiwa maneno. Akapanda lori la mapipa ya mawese, nyuma ya wanajeshi, barabara ile ile wanakouawa watu, aje aulize amekosa nini. Akajitaja jina.

Suud akamtazama, akaitazama simu, akaiuliza we ni nani. Chabani hakusita. Amissi, akasema, na kukohoa.

Yallah. Nilitoka kwa dirisha la jikoni.

Jumapili, 14 Septemba

Baba mkubwa hanisemeshi. Yeye na Suud wanasemeshana vizuri mno, wamekunywa kahawa tangu asubuhi. Wamekubaliana kwamba mzee amehatarisha roho yake kwa ajili ya kijana asiyeweza kuvuka barabara. Maneno makali, nadhani.

Hukumu: kesho baada ya alasiri niende peke yangu, niseme kwa kinywa changu kwamba namtaka Thuwaiba. Nisipofika, wajomba wa Yaseen watapewa jibu la ndiyo magharibi.

Thuwaiba alikuja kibandani, macho mekundu. Akasema, "Hamimu, babangu hataki kingine. We vuka tu, useme. Mi nitakuwa nyuma ya pazia." Roho iliniuma. Nampenda huyu mtoto wa watu, Mungu ni shahidi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Nilikwenda moja kwa moja mjini, kwenye cyber ya intaneti. Wana kompyuta zenye jicho! Unaketi hapa, mwenzako anakuona kule, uso mzima, ukisema. Nimekodi mbili za kesho alasiri, moja yangu na moja ya Mzee Suud, vyumba tofauti. Atasema nini tena? Kinywa changu mwenyewe atakiona.

Tatizo lilikuwa jinsi ya kumfikisha mzee mjini. Yaseen amesikia, akajitolea kumpeleka kwa gari lake, na wajomba wamsindikize. Kumbe si mtu mbaya.