Chachu Isiyo na Anwani

Wakazi wote wa Myrkevik, magharibi ya Norwei, mnatangaziwa ya kwamba kuanzia Jumatatu hakuna chachu ya pombe itakayoruhusiwa kuishi katika halmashauri hii bila anwani ya kudumu.

Aliyetia saini ni Oddvar Rekkedal, Mkuu wa Idara ya Ustawi wa Chachu. Idara ilikuwa na watumishi wawili, yeye na jokofu, na kazi ilikuwa imewazidi. Fikiria mwenyewe: miaka mia tatu watu wa bonde hili wameazimana chachu bila karatasi. Ya huyu ikichacha vibaya, anakwenda kwa jirani na kikombe, anapewa, basi. Hakuna fomu, hakuna mhuri. Oddvar alipolifikiria jambo hilo alikosa usingizi. Akaagiza kila nyumba ilete chachu yake, isafishwe, ifungiwe ofisini, na mwenye kutaka kupika pombe aombe kwa maandishi.

Kiongozi huonyesha mfano. Akapanda darini kwake, akaishusha pete ya mbao, pana kama taji, iliyogandiwa na chachu kavu aliyoiacha bibi mzaa bibi wa mkewe.

"Oddvar, harusi ya Synne imebaki wiki tatu," alisema mkewe, Jorunn. "Hiyo ndiyo ya pombe ya mwanangu."

"Ndiyo maana tunailinda."

"Mnailinda na nani?"

"Na watu wasio na utaratibu."

"Haya. Ikiharibika, usitafute mchawi."

Ofisini aliisafisha kwa maji yanayochemka na sabuni, kama kifungu cha nne kinavyotaka. Kufikia Ijumaa nyumba arobaini nyingine zilikuwa zimeleta mitungi yao. Oddvar alibandika namba kwenye kila mtungi, akaiangalia safu ile, machozi yakamlenga. Mtu asiwadharau wananchi.

Wiki ya harusi ilipofika alijiandikia ombi, akalijadili, akajikubalia. Jorunn akapika togwa ya kimea pipa zima, Oddvar akatumbukiza pete. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu Jorunn aliweka sikio kwenye pipa, akainuka analia.

"Umeiua, Oddvar. Vita iliipita, njaa iliipita, wewe umeiua kwa sabuni!"

Oddvar alikimbilia ofisini akafungua mtungi namba mbili, akaonja. Uji wa shayiri. Namba tatu, uji. Namba kumi na saba, uji wenye chumvi. Alionja yote arobaini, maana yeye ni mtu wa kumaliza kazi. Katika nyumba arobaini na moja, iliyotii amri ilikuwa moja, nayo ni yake.

Akaenda kwa Gunnvor, mjane wa jirani, kofia mkononi.

"Umekuja kukagua?" aliuliza Gunnvor.

"Nimekuja kuomba."

"Fomu iko wapi?"

"Gunnvor, tafadhali. Jorunn halali. Hasemi nami."

Gunnvor aliingia jikoni, akatoka na chupa. "Chachu hainyimwi mtu, bwana we. Hata mpumbavu. Twende."

Kwa Oddvar, wao na Jorunn wakapika togwa nyingine. Ilipopoa ikawa na uvuguvugu wa maziwa yaliyotoka kukamuliwa, Gunnvor akamimina chachu, akamgeukia Oddvar.

"Piga ukelele."

Kila mtu hapa anajua: chachu ikitiwa kimyakimya, pombe inakuwa maji. Oddvar akasafisha koo. "Ee."

"Hicho ni kikohozi cha mkutanoni. Unataka wageni walale harusini? Toa kilichomo moyoni!"

Oddvar alimtazama mkewe, macho mekundu, mikono ikinuka kimea. Aibu ikampanda hadi masikioni. Akafungua mdomo.

"NILIKOSEAAA!"

Mbwa wakabweka hadi ng'ambo ya maji. Milango ikafunguliwa, watu wakaitikia ukelele nyumba kwa nyumba. Kabla saa mbili hazijapita, pipa lilikuwa likitoa povu.

"Sasa hiyo ni chachu," alisema Jorunn, akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Akamsukuma mumewe kwa kiwiko. "Na wewe, mpuuzi, una sauti kumbe."

Synne aliolewa. Pombe ilikuwa kali, wajomba wawili walibebwa.

Jumatatu Oddvar alikuta barua mezani. Halmashauri ilieleza kwamba sauti yake imesikika hadi makao makuu, maneno yote, na ikamtaka ajibu ndani ya siku saba: ni kifungu gani kinachomruhusu mkuu wa idara kukosea?