Ufa Niliouchora kwa Wanja

Jumatatu, 10 Februari 2025
Siku ya kumi na saba ya ndoa! Muchangi wangu! Hata droni yake naipenda. Anairusha chini ya daraja la hapa Karurumo, inapiga picha za nguzo, kisha kompyuta inapima nyufa, hata nyembamba kama unywele. Mume msomi! Lakini leo kanivunja moyo. Hajaona ufa hata mmoja. Asipopata kufikia Alhamisi, Ijumaa anapelekwa kazini Lodwar, mbali kaskazini. Miezi mitatu! Nimelia juu ya sufuria ya githeri.

Jumanne, 11 Februari
Nina mpango! Alfajiri nimeshuka mtoni na penseli ya wanja niliyopakwa siku ya harusi. Nimechora ufa kwenye nguzo ya tatu, shubiri mbili. Umepinda vizuri, kama nyusi. Ajabu, maji yalikuwa yanapita bila sauti. Sikujali. Mchana nikawapelekea chapati. Linda, injinia anayefanya kazi na Muchangi, akaniuliza, bibi harusi, fungate yenu ni ya chini ya daraja? Wivu tu!

Jumatano, 12 Februari
Wameuona! Muchangi kaninyanyua juu kwa furaha. Ufa wa mita moja na nusu, akasema. Nikamwambia apime tena, ni shubiri mbili. Akauliza nimejuaje. Nikasema moyo wa mke hujua. Akanibusu.

Alhamisi, 13 Februari
Nimeogopa. Nimeshuka na kitambaa kuufuta. Wanja ukatoka. Ufa ukabaki! Nikaingiza ukucha, ukazama. Hewa baridi ikatoka ndani, ikinuka poda yangu ya harusi. Nilikimbia hadi barabarani. Picha za mchana: mita tatu. Magari yamezuiwa. Linda anasema hajawahi kuona zege likipasuka hivyo kwa siku mbili. Nilitaka kukiri, kweli. Kisha Muchangi akaniambia habari tamu: atabaki hapa hadi ufa utulie. Nikafunga mdomo.

Ijumaa, 14 Februari
Siku ya wapendanao, na mume ninaye! Lakini huyo Linda kasema tangu asubuhi ufa haujakua. Ukitulia hivi wiki nzima, basi ni Lodwar. Nimeshuka peke yangu. Nimeweka kiganja kwenye nguzo, nikaiomba kwa adabu: tafadhali, ongeza kidogo tu, hadi Pasaka.
Ndani ya zege kitu kikagonga mara mbili.
Nimechukua hiyo kuwa ndiyo.