Jicho Moja Haharakishwi

Jumapili, 2 Machi

Leo tena hakikufika. Kiganja cha Malkia Kutu, nasema. Kimo njiani kuelekea kwenye pua ya Jicho Moja tangu kabla ya mwaka mpya, na leo kimesogea labda upana wa kifungo cha shati. Kisha Jicho Moja akakumbuka utoto wake kando ya mto. Kisha jasho likamtoka. Kisha wimbo wa mwisho. Sehemu tamu ajabu!

Si wote walioona hivyo. Kila Jumapili, Dada akishafunga saluni yake, wanachama tisa tunakaa chini ya draya za nywele na kutazama *Wana wa Kimondo*, anime ya Kijapani ambamo Jicho Moja anapigana na Malkia Kutu. Mimi ndiye mwenyekiti. Nashika rimoti. Nakalia kiti cha kuoshea nywele, kile kinacholala nyuma. Sina cheo kingine chochote duniani, na hiki nakipenda, wala sioni haya kukiri.

Leo Mfamasia, yule wa duka la dawa la jirani, kasimama hata majina ya wachoraji hayajaisha kupita. Kasema hadithi imekwama. Kasema tunanyweshwa maji tukiambiwa ni supu. Kasema yeye ameshasoma vitabu vya picha vilivyotangulia anime hii, na humo pambano lote linaisha mtu hajamaliza chai yake. Akataka kutaja mshindi. Nikapandisha sauti ya televisheni hadi vioo vikatetemeka.

Nilipoishusha nikamjibu kwa hoja. Nguvu za Jicho Moja ni zipi? Kila anachokitazama hupunguza mwendo. Na mwezi mzima sasa anatazama wapi? Anatutazama sisi, moja kwa moja, kupitia skrini! Basi hadithi haiendi polepole kwa bahati mbaya. Inakwenda polepole kwa sababu yeye ana nguvu kiasi hicho. Kadiri inavyozidi kukwama, ndivyo anavyozidi kushinda.

Kimya kikatanda. Nilikichukua kama ushindi. Dada baadaye akasema kile kimya kilikuwa huruma, lakini Dada ni mtu anayeiita anime katuni.

Mfamasia akatoa hoja: Jumapili ijayo tupige kura kama mwenyekiti huyu abaki na rimoti au aiachie. Wakamuunga mkono. Mbele yangu, mchana kweupe!


Jumatatu, 3 Machi

Dukani kwangu. Cherehani inakwama, mimi nimekwama, ila Jicho Moja yuko salama.

Bwana Harusi amekuja kuulizia suti. Anaoa Jumamosi ya wiki ijayo na amekuwa akiulizia tangu vipimo vyake vilipokuwa vidogo zaidi. Nikamweleza kwamba fundi mzuri huacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono. Haionekani, haisifiwi, lakini ukiikata yote, nguo inapasuka mtu akiinama. Na hadithi ni vivyo hivyo! Wale wanaotazamana kwa sehemu nzima, wale wanaokumbuka mto wa kwao, hiyo ndiyo akiba ya mshono.

Akasema yeye aliulizia suruali.

Hapo likanijia wazo. Nahitaji kura. Yeye anahitaji suruali. Nikamwandikisha uanachama palepale, nikamwahidi suti nzima ifikapo Jumapili, naye aje saluni jioni aninyooshee mkono. Akasema hajawahi kuiona hiyo anime hata mara moja. Nikamwambia vizuri zaidi, atapiga kura bila upendeleo.


Jumatano, 5 Machi

Mfamasia ameandika kwenye kundi letu la simu kwamba ukiondoa kutazamana, jasho na kumbukumbu, hapo ndipo utaiona hadithi yenyewe. Watu wakamwekea vidole gumba. Hata Mama Pacha, ambaye husinzia tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, naye kaweka!

Nikakaa nikatafakari huku nachambua vifungo mezani. Kisha nikaruka. Sawa! Wanataka ikatwe? Nitaikata! Mimi ni fundi, mkasi ni wangu. Nitachukua sehemu zote za pambano hili, nitatoa kila wanachokilalamikia, niwaonyeshe Jumapili kabla ya kura. Wataona nguo isiyo na akiba ya mshono inavyopasuka. Watachoka. Watapotea. Watanililia niwarudishie kumbukumbu za mto.

Nimeazima kompyuta ya Dada. Akaniuliza, je, wakiipenda? Nilicheka hadi pini zikanidondoka mdomoni.


Ijumaa, 7 Machi

Kazi ya kukata inakwenda vizuri. Inakwenda vizuri kupita kiasi.

Nimetoa kutazamana. Nimetoa jasho. Nimetoa mawingu, jani linaloanguka, jani lilelile likianguka tena, na wanakijiji wakisema haiwezekani. Nilipomaliza nikadhani kompyuta imemeza nusu. Nikarudia kukagua. Haijameza kitu. Miezi ya pambano imebaki dakika nane.

Kuna jingine, naliandika hapa tu. Katika dakika hizo nane Jicho Moja hafanyi kitu. Malkia Kutu anaushika upanga wa Jicho Moja, unaliwa na kutu. Anaishika ngao, inaliwa. Anagusa hata bawaba za ngome, mlango unaanguka. Yeye Jicho Moja amesimama tu kama mtu aliyesahau alichoendea sokoni. Lakini nikajipa jibu: ni mimi niliyemkatia silaha yake! Nguvu zake ni kutazama, nami nimekata kutazama. Yeyote mwenye akili ataona dhuluma iliyotendeka. Hoja zangu sasa zimekuwa mbili.

Suruali ya Bwana Harusi imekatwa miguu yote miwili. Bado kuiunganisha.


Jumamosi, 8 Machi

Siku ya suruali. Ila kwanza niliona filamu inahitaji kichwa. Nikaandika TOLEO LA AIBU kwa herufi nyekundu. Nyekundu ikawa ya nyanya, nikatafuta ya damu. Ya damu ikawa nyeusi mno. Jua likazama.

Koti liko tayari isipokuwa mkono wa kushoto. Suruali inashikiliwa na pini, nyingi na imara. Kwa mbali hutambui.


Jumapili, 9 Machi

Acha niandike kwa mpangilio.

Asubuhi nilimkabidhi Bwana Harusi suti ndani ya mfuko, nikamsihi asiufungue hadi kura ziishe, kitambaa kisipigwe na upepo. Akaondoka akinishukuru. Jioni nikaenda saluni kifua mbele.

Nikazima taa. Nikawaambia wajiandae kuumia. Nikabonyeza.

Dakika ya kwanza, nikatabasamu. Dakika ya tatu, Mama Pacha alikuwa macho. Macho kabisa! Upanga ulipoliwa na kutu akamshika Mfamasia mkono akapiga kelele. Mlango wa ngome ulipoanguka, watu wawili walisimama juu ya viti vya Dada na viatu vyao. Kisha ikaisha, kiganja kikiwa mbele ya pua, na taa zikawaka.

Wakapiga makofi. Mama Pacha analia. Wakataka irudiwe. Ikarudiwa mara mbili, nami ndiye niliyeshika rimoti, nikibonyeza kama mtu anayejichimbia kaburi kwa adabu. Mfamasia akaja akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kasema hakuwahi kudhani ni mimi nitakayeiokoa hadithi hii. Kasema sasa hata kipofu anaona kwamba Malkia Kutu anamzidi Jicho Moja.

Nikapaza sauti kwamba ilikusudiwa iwe mbaya! Ni toleo la aibu, imeandikwa pale juu! Wakasema jamani, mwenyekiti wetu ni mnyenyekevu.

Ikaja kura. Dada akahesabu, maana yeye si mwanachama, nami kama mhusika sikupiga. Wanne wakataka niondoke. Wanne wakataka nibaki, na nilipowauliza kwa nini, wote wakajibu kwa sababu ya filamu. Hapo nikapandwa na hasira ya kweli. Nikasimama nikatangaza kwamba kura ya namna hiyo siitaki, nitabaki kwa heshima ya Jicho Moja au sitabaki kabisa. Dada akaniambia, keti, mdogo wangu, kinywa chako ndicho adui yako. Sikuketi.

Mlango ukafunguliwa. Bwana Harusi. Amevaa koti lenye mkono mmoja, na suruali ameishika kiunoni kwa ngumi, anatembea kwa hatua fupi fupi maana kila akipanua mguu anachomwa. Nyuma yake, dada zake wawili. Akauliza kura inahusu nini. Wakamwambia ni kuhusu mimi, niendelee au niondolewe. Hakuuliza la pili. Akanyoosha mkono wa kushoto, ule usio na koti, juu kabisa.

Watano kwa wanne. Nimeng'olewa na kura niliyoiandikisha mwenyewe.

Nilimkabidhi Mfamasia rimoti. Nilitoa betri kwanza. Dada akanitazama tu. Nikazirudisha.


Jumatatu, 10 Machi

Nilipita saluni nikaona kupitia kioo mteja wa Dada amelala kwenye kile kiti changu cha kuoshea nywele, anaoshwa kichwa. Niliumia. Sitaandika zaidi ya hapo.

Bwana Harusi na dada zake walikuwa mlangoni mwa duka langu hata sijafungua. Wakaketi. Hawakuondoka. Mmoja wa dada zake alishika pasi ya moto na hakuwa akipiga pasi. Nikashona suruali, nikaunganisha mkono, nikapiga pindo, na kabla ya mchana suti ilikuwa imeisha. Ilimkaa vizuri hata mimi nikakubali. Akajigeuza mbele ya kioo, akauliza, kumbe hii ilikuwa kazi ya asubuhi moja? Nikamrekebisha. Ni asubuhi moja ya kushona na miezi ya kufikiri. Watu hawaoni kufikiri.

Jioni Mfamasia alikuja mwenyewe. Kwa adabu, lazima nikiri. Kasema chama kinaniomba niwe Mkataji Mkuu. Kila sehemu mpya ikitoka naikata mimi, halafu wanatazama toleo langu, na jina langu litaandikwa mwanzoni kwa herufi nyekundu. Kasema hakuna mwingine mwenye jicho kama langu. Alitamka neno jicho bila hata kuona aibu!

Nikamwambia nitamkata Jicho Moja siku nitakayoacha kushona. Akasema pole, akaondoka. Amesahau mwavuli wake. Nimeuweka chini ya meza na sitamkumbusha.


Alhamisi, 13 Machi

Nimekubali!

Ngoja nieleze kabla sijajidharau. Nilikuwa napachika zipu leo, na zipu haipandi kwa kuruka, inapanda jino baada ya jino. Nikaona mwanga. Anayeshika mkasi ndiye anayeamua kinachobaki. Wiki ya kwanza nawakatia wanavyotaka, ila naacha kutazamana kidogo, pumzi moja tu. Wiki ya pili pumzi mbili na tone la jasho. Baada ya miezi mitatu, jani. Kufikia mwisho wa mwaka watakuwa wanatazama sehemu nzima bila kukatwa chochote, wakiniita fundi, wakidhani ndiyo kasi. Na Jicho Moja atakuwa ameshinda kama anavyoshinda siku zote, bila mtu kuona.

Nimempigia Mfamasia. Alifurahi hadi sauti ikamkatika. Nilikaribia kumwonea huruma. Ikapita.

Dada ameuliza ninapanga nini. Nikamwambia nimebadilika. Akaificha kompyuta kabatini. Ufunguo wa kabati najua anakouweka, ni palepale tangu tukiwa watoto, kwenye kiatu.


Jumapili, 16 Machi

Nimekaa benchi la nyuma, karibu na ndoo ya taulo chafu. Mfamasia kwenye kiti changu, miguu juu. Akatangaza kazi ya Mkataji Mkuu. Makofi. Nikainama kidogo.

Mwanzo ulikwenda kama nilivyopanga. Kutazamana kwa pumzi moja, hakuna aliyeshtuka. Lakini jana, nikiwa nakata, nilifika kwenye kumbukumbu ya mto. Jicho Moja ana miaka sita. Anatazama maji, na maji yanapunguza mwendo kwa sababu yake, na mama yake anamwita kutoka ng'ambo, na sauti ya mama inachelewa kufika. Nitakata vipi hapo? Mtu mwenye moyo atakata vipi? Niliiacha. Niliiacha yote. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaiacha, nikairudisha na ile ya mwaka juzi, na ile ya kabla yake.

Mto ukaanza. Mto ukaendelea. Mama Pacha akalala. Alipoanza kukoroma Mfamasia akasimamisha picha kwa rimoti, akageuka polepole, akauliza huu mto unatoka wapi. Nikasema milimani. Hakuna aliyecheka. Wakapiga kura pale pale, hata Dada hakuhitajika kuhesabu. Sina tena cheo chochote. Natazama kama mwanachama wa kawaida, nikilipia kiti.

Baada ya wote kuondoka nilimsaidia Dada kufagia. Alikuwa mpole, jambo linalonitisha kuliko ukali wake. Akaniuliza kama nimejifunza chochote katika haya yote.

Nikamwambia ndiyo, tena mengi. Nimepitia mpango wangu wote kichwani, hatua kwa hatua, na sioni kasoro popote. Mto ulikuwa sahihi. Jicho Moja alikuwa sahihi. Mimi nilikuwa sahihi. Kosa langu ni moja tu, na nimelikiri bila kusitasita huku nimeshika ufagio: niliharakisha mambo.