Kutekwa kwa Sikio la Kulia la Mwalimu Verna

Sogeeni, enyi mnaosikia vizuri, na ninyi msiosikia sogeeni zaidi, maana habari hii ni yenu. Nitawasimulia jinsi Daktari Lowell Pruitt, Ngao ya Harlan Fork, Mshinda Mafua, Bwana wa vyumba viwili vya kutibia na choo kimoja, alivyopambana Jumatatu asubuhi na donge la nta ya sikio, akaliangusha. Msimulizi na shujaa ni mtu mmoja, nami naomba radhi kwa hilo. Hakuna mwingine aliyejitolea kuandika.

Ilikuwa mwaka wa kumi na tisa tangu nifungue zahanati yangu hapa kusini mwa Ohio, kati ya kinyozi na duka la donati, pale kampuni moja ya bima, ambayo jina silitaji kwa sababu yenyewe ina mawakili na mimi nina dada tu, iliposhusha kwa mara ya tatu kiwango inachonilipa kwa kila mgonjwa wake. Kwa kuzibua sikio ingenipa pungufu ya anachopata kinyozi kwa kunyoa ndevu, na kinyozi hajazi fomu. Tena ikaamuru kwamba mgonjwa alipiwe jambo moja tu kwa siku: aliyekuja kupimwa shinikizo la damu, naye sikio limeziba, basi sikio alirudishe siku nyingine. Watu wakawa wanaendesha gari maili thelathini wakiwa na maradhi mawili, na kurudi nyumbani na moja.

Dada yangu mkubwa, Twyla, Mlinzi wa Kabati la Mafaili, ndiye anayeandika madai ya bima na kupigana na kampuni kwa simu. Juma hilo aliniwekea mezani barua ya kuwaarifu wagonjwa mia moja arobaini na watatu kwamba kuanzia tarehe mosi hatutaipokea tena bima ile.

"Tia sahihi," alisema. "Tukiendelea na hawa, theluji ikiyeyuka na sisi tumefunga. Hapo hatatibiwa mtu yeyote."

Nikasimama, nikanyoosha mkono. "Ewe Twyla, binti wa mama yangu, je, ni mimi niliyeapa kuwalinda wanyonge wa bonde hili, nije leo niwatupe kwa ncha ya kalamu?"

"Ni wewe. Kaa chini, umemwaga kahawa."

Nikaketi, kwa kuwa kahawa ilikuwa imemwagika kweli. Lakini niliapa kwamba mmoja kati ya wale wote nitamwambia kwa kinywa changu mwenyewe, naye ni Mwalimu Verna Stottlemyer, mwenye miaka themanini na mmoja, aliyenifundisha darasa la tatu, na aliyekuwa mpatanishi wa mikataba wa chama cha walimu kwa miaka ishirini, mpaka wakuu wa shule wakawa wanaumwa tumbo wakisikia viatu vyake. Moyo wake huruka mapigo. Tangu apasuliwe macho haendeshi kwenye barabara kuu, na daktari wa karibu anayeipokea bima yake yuko maili sabini. Mimi kumwacha kulikuwa kumwacha bila daktari, na hilo nililijua vizuri.

Akaja Jumatatu kupimwa shinikizo la damu, na pai ya cheri mkononi. Nikamweleza kwa maneno mazito niliyoyatunga usiku kucha. Akatabasamu, akasema, "Vizuri sana, Lowell." Nikarudia. Akaitikia kwa kichwa, kwa upole. Mara ya tatu nilipaza sauti hata mzee mmoja aliyekuwa akingoja upande wa pili wa ukuta akaitikia, "Pole, Verna."

"Unamumunya maneno," Mwalimu akaniambia. "Tangu una miaka minane unamumunya."

Ndipo nilipochukua kurunzi yangu ndogo nikachungulia sikioni, nikamwona adui. Alikuwa amejenga ngome, mweusi, mzee, amejaza lango kutoka ukuta hadi ukuta, na katika sikio la kushoto alikaa pacha wake.

Twyla alikuwa mlangoni. "Amekuja kwa shinikizo la damu. Sikio hulipwi leo."

"Dada," nikasema nikivaa glovu, "vizazi vijavyo havitauliza nililipwa nini."

"Mimi nitauliza saa kumi na moja jioni."

Basi vita vikaanza. Shambulio la kwanza lilikuwa la maji vuguvugu kwa bomba la sindano. Adui hakutikisika, na maji yote yakaniingia kwenye mkono wa koti. La pili lilikuwa la kijiko chembamba cha chuma. Nikapata chembe moja, na Mwalimu akanikanya nisimchimbe kama kiazi. Nikarudi nyuma, nikamtilia matone ya mafuta, tukangoja dakika kumi tukitazama picha ya bata ukutani. Katika shambulio la tatu, maji yalipopita nyuma yake, adui alitoka mzima mzima, akaanguka kwenye beseni, mkubwa kama haragwe. Nikaliinua beseni juu kama kombe, nami sioni haya kulisema.

"Kumbe ile saa ya ukutani inalia," alisema Mwalimu.

Hapo sauti ya Twyla, aliyekwisha rudi mapokezi, ikapenya ukutani, akimwambia yule mzee: "Bado hajamwambia. Anaosha masikio kwanza."

"Kuniambia nini?" aliuliza Mwalimu.

Maneno mazito ya usiku yote yakanipotea, nikasema kama mtoto. "Mwalimu, kampuni yako hainilipi kiasi cha kuniwezesha kufungua mlango. Kuanzia tarehe mosi sitaipokea bima yako."

Alikaa akikunja na kukunjua kitambaa alichofunikia pai.

"Kwa hiyo umenizibua sikio ili nisikie unanifukuza."

"Ndiyo, Mwalimu."

Niliona aibu, aibu ya kweli isiyo na mzaha, na kama lile donge lingerudishika ningelirudisha. Ili nifanye jambo lolote, nikachukua tena bomba na kuelekea sikio la kushoto.

"Usiliguse," akasema. Kisha akapaza sauti. "Twyla, njoo na mkataba wenu na hao watu. Unasemaje kuhusu mgonjwa aliye katikati ya matibabu?"

Twyla akaja na faili, akasoma kwa kidole, akasoma tena. "Unasema daktari akijitoa, mgonjwa huyo anaendelea naye mpaka matibabu yaishe. Nao wanaendelea kulipa."

"Matibabu ya masikio yangu yameisha?"

"Limebaki moja," nikasema.

"Lakini leo umekuja kwa shinikizo la damu," alisema Twyla. Akanitazama, akachukua kalamu. "Basi leo umekuja kwa masikio. Shinikizo la damu atakupima bure."

Mwalimu akanigeukia. "Kazi nusu nilikuwa naipa alama ngapi, Lowell?"

"Sifuri, Mwalimu."

"Hii nakupa mia. Ole wako ukiimaliza."

Barua za wale mia moja arobaini na wawili zilitoka Jumatano, na sahihi ni yangu. Wengine bado hunisalimu dukani. Wengine wakiniona hugeuza kikapu, nami siwalaumu. Mwandishi wa tarikhi asiyeyaandika hayo ni mwongo.

Lakini huu ni mwaka wa pili, na kila baada ya miezi mitatu Mwalimu Verna huja na pai. Namsikiliza moyo, nampima shinikizo la damu, hayo yote bure, kisha nawasha kurunzi, nachungulia sikio la kushoto, na kuandika, "Matibabu yanaendelea." Kampuni hulipa, pungufu ya ndevu. Twyla akija kumkumbusha kwamba ile tarehe mosi ilipita zamani, Mwalimu humgeuzia sikio hilo lililoziba.

Basi na ikumbukwe katika Harlan Fork, maadamu kinyozi ananyoa na donati zinakaangwa, kwamba Lowell Pruitt alikabidhiwa masikio mawili: moja alilishinda kwa maji, na la pili kwa kuliacha lilivyo.