Meza Zilizoinamia Livorno

Jumanne, 11 Juni

Mama mkwe ametangaza leo jikoni, mwiko mkononi. Jumatatu ijayo, sikukuu ya Mtakatifu Ranieri, mlinzi wa mji wetu, anavua aproni kwa mara ya mwisho na kukabidhi funguo za mkahawa. Kwa nani, hakusema. Alinitazama mimi, akamtazama Nives mke wangu, akarudi kwenye sufuria yake.

Sawa, Nives ni binti yake wa kuzaa. Lakini miaka yote hii mbeba sahani ni mimi, Oreste, na hakuna aliyewahi kuniita bosi. Lazima nimwonyeshe mama mkwe akili yangu kabla ya Jumatatu. Mtihani ni watalii. Wanapita mlangoni kwetu mchana kutwa kwenda kupigwa picha wakijifanya kuuzuia kwa viganja Mnara wetu wa Pisa, ule ulioinama, usianguke. Wakirudi na njaa, wanaingia kwa Gualtiero, ng'ambo ya kichochoro, ambaye tambi zake hata paka wetu alizinusa akaondoka. Kwetu wanakula majirani walewale, babu na wajukuu, kila mtu na kiti chake.

Jumatano, 12 Juni

Nimepata!

Familia ya Wabrazili iliingia kwa kupotea njia. Wakakaa ile meza ya pembeni yenye mguu mfupi. Chungwa likabiringika, likadondoka. Watoto wakacheka mpaka wakashika matumbo. Baba yao akaishika meza kwa viganja viwili, akapigwa picha. Nami nimesimama na sinia, nimeduwaa. Mji wa mnara ulioinama, halafu sisi tuna meza zilizonyooka? Ujinga gani huu?

Nikamweleza Nives. Akanikumbusha ile chemchemi ya divai niliyojenga mwaka jana, iliyotuletea nyuki wa mtaa mzima. Nikamwambia akili ni nywele, kila mtu ana zake. Akasema ni kweli, ndiyo maana nina upara.

Ijumaa, 14 Juni

Mama mkwe alipokwenda sokoni nikatoa msumeno. Nives akaniasa kwamba kazi mpya haianzwi Ijumaa, mkosi. Ushirikina wa kikongwe. Nikakata miguu ya upande wa dirishani, meza zote.

Mchana watalii walijaa, hapakuwa na pa kukaa. Watoto wakashindanisha zeituni, ipi itafika ukingoni kwanza. Gualtiero alisimama mlangoni kwake kama mtu aliyemeza mwiba. Mama mkwe aliporudi akazitazama meza, akanitazama, akaingia jikoni bila neno. Nimeuhesabu ukimya wake kuwa baraka. Funguo nimeshazisikia zikilia mfukoni mwangu.

Jumatatu, 17 Juni

Sijui nianzie wapi.

Sikukuu. Watalii hawakuruhusiwa, leo ni siku ya majirani. Walikuja kutoka misani, wamevaa nguo za heshima. Mzee Ranieri, ambaye ana jina la mtakatifu mwenyewe na hawezi kulisahau, akaketi mbele. Mama mkwe akaleta supu yake ya maharagwe, ambayo hata jua la Juni halimzuii kuipika. Bakuli likaanza safari, likammwagikia mzee mapajani.

Kumwagikiwa angenisamehe. Lakini mzee hakuitazama suruali yake. Alitazama supu inakoelekea. Akatazama dirisha. Akauliza polepole, dirisha hili linaelekea wapi? Mtu mmoja akajibu kwa sauti ya msibani: Livorno.

Livorno! Mji jirani, watu ambao sisi Wapisa hatuwaombi hata maji. "Oreste mwanangu," akasema mzee, "siku ya mtakatifu wetu, unatuinamisha mbele ya Livorno?"

Nikasema hakuna neno, tutazigeuza. Tukazigeuzia kichochoroni. Bibi Fosca akapiga yowe: huko ni Lucca, afadhali afe na njaa. Tukageuza tena. Firenze. Mzee mmoja akavaa kofia yake. Tukageuza tena. Genova, waliozamisha merikebu zetu karne na karne zilizopita, na hapa kwetu inasimuliwa kama ajali ya juzi. Nani aliujenga mji huu katikati ya maadui? Supu ilikuwa sakafuni, wajukuu wanashangilia, nami jasho linanitoka. Ndipo nikapayuka kwamba hata Mnara wenyewe umeinamia upande wa Livorno.

Bibi Fosca akafanya ishara ya msalaba.

Mzee Ranieri akafuta mdomo, akamuaga mama mkwe, akatoka. Wote nyuma yake. Wakavuka kichochoro. Wakaingia kwa Gualtiero.

Mama mkwe akavua aproni, akamvisha Nives. Funguo zilikuwa mfukoni mwa aproni. Nililia stoo, nikasingizia vitunguu.

Jumanne, 18 Juni

Nives aliamkia kwa Mzee Ranieri na bakuli la supu na samahani zangu ambazo sikuzitoa. Mzee amekubali kurudi, kwa sharti moja: meza zisielekee kokote. Nives akanipa amri, kama bosi.

Nikakata miguu ya upande wa pili. Ikapungua mno. Nikarudi upande wa kwanza. Nao ukapungua mno. Kufika adhuhuri meza zote zilikuwa zimenyooka kabisa, hazitikisiki, na zinanifika magotini.

Mzee Ranieri aliketi, akala amejikunja, kidevu kwenye bakuli. Alisema supu ni tamu na mgongo umekufa. Nives ameuchukua msumeno, ameufungia kabatini, na ufunguo uko kwenye aproni. Ameapa sitakata tena kitu hapa ila mkate.

Nimekaa, nimefikiri kwa utulivu. Watu wana haraka ya kulaumu. Meza hazina kosa lolote. Tatizo ni viti, virefu mno. Na Gualtiero ana msumeno, niliuona ukining'inia mlangoni kwake. Asubuhi nitavuka kuuazima.